Safu ya Tatu Kutoka Kushoto

Žilina, mto Váh ukiwa umeota ngozi ya barafu kingoni,
Zlatica alichora daraja kabla ya chai.
Chini boriti ya feleji, juu bamba la zege,
na kati yao mstari mmoja mwembamba
wenye amri moja: shikamaneni.

Kompyuta ikatii, kama atiivyo kila asiyebeba mzigo.
Malori manne yakisimama katikati, ikasema,
daraja litashuka milimita thelathini na moja.
Daraja lenyewe, lile la njia ya kiwanda cha karatasi,
lilishuka thelathini na nane.

Milimita saba. Unene wa penseli.
Mwingine angezimeza na mate.

Wala usimletee habari za ndoa.
Kila mwanafunzi anayeingia maabara humwambia hayo,
zege mume, feleji mke, au kinyume chake,
naye hujibu: ndoa haina kilonyutoni.
Chukua mbao mbili, zipandanishe, zikalie.
Kila moja itapinda kivyake,
ncha zao zikipitana kama majirani wasiosalimiana.
Sasa zipigilie misumari, ukae tena.
Hapo ndipo penye hesabu.

Akaufuta mstari.
Mahali pake akapanda springi,
moja kwa kila pini iliyochomelewa mgongoni mwa boriti,
mia nne na kumi na mbili,
akazipa tabia:
mwanzo ngumu, hazijui mzaha;
kisha zilegee, zege linapopondeka shingoni mwa pini;
kisha ziburutwe, zikishikilia kwa ukaidi tu,
mpaka zikatike.
Za katikati ya daraja hazina shughuli kubwa.
Za mwishoni, karibu na nguzo, ndizo zinazoumia,
maana huko ndiko zege linakotaka kuchomoka.

Thelathini na tano.
Bado tatu.

Ctibor, fundi wa kuchomelea, alifuata ufunguo wa stoo.
Akasimama nyuma ya kiti akitafuna mbegu za maboga,
akageuza sikio lake zima upande wa Zlatica.
"Hizi zote umezifanya sawa."
Zimetoka kiwanda kimoja, kipenyo kimoja, urefu mmoja.
"Kiwanda kimoja, ndiyo. Siku moja, hapana."

Kidole chenye kovu kikagusa kioo:
safu ya tatu kutoka kushoto, na ya nne.
Oktoba ile mvua ilishuka saa tisa alasiri,
vikombe vya kauri vikalowa,
moto ukawa unatema badala ya kuuma.
Msimamizi alitaka kazi iishe kabla ya Jumapili.
"Tulizipiga nyundo. Iliyong'oka tuliirudia."
Mlizipiga zote?
Ctibor akatazama dirishani,
akahamisha mbegu kutoka shavu hili hadi lile.
"Tulizipiga nyingi."

Zlatica akapekua orodha ya vigezo:
nguvu ya zege, umri wake, kipenyo, joto.
Hakuna pa kuandika mvua.
Hakuna pa kuandika Jumapili.
Basi akapunguza ugumu wa springi thelathini na mbili,
kwa kukisia, kama mtu atiaye chumvi kwenye chungu cha wengine,
akaona haya,
akabonyeza.

Thelathini na nane nukta mbili.

Hakushangilia. Namba inaweza kupatana na daraja
kwa sababu isiyo yake,
kama saa iliyokufa inavyopatana na adhuhuri.
Akaandika kwenye ripoti: lifukuliwe zege, safu ya tatu na ya nne.
Akafuta. Kulifukua ni kufunga barabara,
ni kiwanda kubaki bila magogo, ni mtu kuulizwa.
Akaandika tena, neno kwa neno.

Chini ya ukurasa fomu ilidai chanzo cha taarifa,
jina na sahihi.
Aliliangalia lile pengo muda mrefu.
Ufunguo wa stoo ulikuwa bado mezani,
maganda ya mbegu kando yake,
na kule korido Ctibor akirudi,
akigonga kila nguzo aliyopita kwa kifundo cha kidole.